Siku Niliyochora Shule kwa Unga

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mutua, kwa sababu Mutua akiisimulia hii stori huwa anaongeza mbuzi, na mbuzi wenyewe hawakuwa wengi hivyo. Ni kweli nilipiga magoti katikati ya shamba la wenyewe nikazoa unga kwa mikono, mbele ya pasta, kina mama wa kanisa na watoto wa shule nzima, na nilikuwa nimevaa lile rinda refu jeusi nililonunua nikidhani litanipa heshima. Ni kweli pia kuna watu upande ule wa Thika ambao mpaka leo wakiniona wanavuka barabara. Hiyo aibu nimeibeba, nimeizoea, na sasa naweza kuiongelea bila kufunika uso.

Kwanza mjue tulikuwa tunafanya nini huko. Kazi yangu ni kuchora majengo. Ofisi yangu ni chumba kimoja Ruiru, juu ya duka la kushona yunifomu, na Mutua ndiye tunafanya kazi naye: mimi nachora, yeye anapima na kubishana. Mteja wetu alikuwa Mwalimu Kariuki. Mwalimu alistaafu akakataa kukaa nyumbani, akaanza kufunza watoto muziki na densi katika ukumbi wa kanisa moja Makongeni, hapo Thika, piano, filimbi, gitaa, dramu, densi za kienyeji na hizi za kisasa za kurukaruka, na watoto wakaja mpaka ukumbi ukafurika. Shida ni kwamba chumba kilikuwa kimoja. Wa piano anamngoja wa dramu amalize, wa dramu hamalizi, na wa densi wanagongana na viti. Wazee wa kanisa walikuwa wameshamwambia Mwalimu, kwa upole lakini wakamwambia, kwamba shule zikifungwa muhula huo atafute pengine.

Shamba alikuwa nalo. Ukishapita Makongeni ukiendelea upande wa mashariki, marehemu baba yake aliwaachia yeye na dada yake mkubwa, Mama Gathoni, kila mtu nusu yake, na mpaka wenyewe ni vigingi viwili vya zamani na heshima. Lakini nusu ya Mwalimu pekee haikutosha. Nilipanga nikapangua, haikutosha. Shule ya muziki si kama shule ya hesabu, huwezi kubananisha madarasa bega kwa bega, mwenye dramu atamuua mwenye filimbi. Lazima kila chumba kigeuzie jirani yake mgongo. Kwa hivyo nikachora duara. Katikati uwanja wa densi, vyumba vya mazoezi vimeuzunguka kama vipande vya chapati, na kati ya chumba na chumba nafasi ya miti ya kumeza kelele. Nusu ya duara kwa Mwalimu, nusu kwa dada yake, na huko kwa dada yake, nyuma ya vyumba, mabweni. Mabweni ndiyo Mwalimu alikuwa anayatamani kuliko kitu kingine chote, kwa sababu kuna watoto wake wanaotoka mbali sana, kuna msichana mmoja wa kutoka upande wa Matuu anayepiga trampeti vizuri ajabu na kila siku ya mazoezi anaamka kukiwa giza totoro.

Kwa hivyo kila kitu kilikuwa kinangoja Mama Gathoni aseme ndiyo. Na hakuwa amekataa, msimwonee. Tulimpelekea pleni, ule mchoro wa karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha mezani.

"Sasa hapa mimi nitaingilia wapi?" akauliza. "Karatasi haina mlango. Nionyesheni huko shambani, nitembee ndani, halafu nitawaambia."

Nikaona hilo ni jambo rahisi. Nikamwambia tutaichora shule yote chini kwa saizi yake kamili, kwa chokaa, kila ukuta na kila mlango, ili Jumamosi akija aingie kama mwenye nyumba. Alipenda. Mwalimu alipenda hata zaidi, akasema ataleta watoto na vyombo vyao, kila kikundi kisimame ndani ya chumba chake na kipige kidogo, dada yake aisikie shule kabla haijajengwa. Nilirudi nyumbani Gitothua siku hiyo nikijiona mtu wa maana sana.

Jumamosi ikafika. Tukatoka Ruiru mapema, mimi naendesha, Mutua anasinzia, tukafika, tukafungua buti ya gari. Kamba iko. Vigingi viko. Tepu ya kupimia iko. Chokaa haiko.

"Si ulisema utabeba?" Mutua akaniuliza.

"Mimi? Ni wewe ulisema."

"Mimi nilisema itabebwa."

Hadiwea ya hapo karibu, duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa imefungwa, mwenyewe ameenda ruracio, kupeleka mahari ya mpwa wake huko Murang'a. Mutua akasema turudi Makongeni tununue chokaa, si mbali. Na kusema ukweli si mbali. Lakini mimi nikiangalia saa nilikuwa naona Mama Gathoni ameshaoga, anafunga kitambaa kichwani, anatoka (mama wa watu alikuwa bado kitandani, nilikuja kujua baadaye), na kando ya hiyo hadiwea kulikuwa na kioski, na kwa rafu ya kioski pakiti za unga zimepangwa mpaka juu. Hapo ndipo nilipoamua.

"Unga ni mweupe," nikasema.

"Unga ni chakula," Mutua akasema.

"Ni wa kuchora tu, Mutua. Tukimaliza tunafagia."

"Na kuku?"

"Kuku gani? Wewe unaona kuku?"

Na hakukuwa na kuku, hata mmoja. Nikanunua pakiti zote. Mama wa kioski akafurahi akanibariki, akaniuliza kama tuna matanga. Nikamwambia hapana, ni wa shule.

Sasa niwaeleze jinsi duara kubwa linavyochorwa, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Unapiga kigingi katikati, unafunga kamba, unaishika ncha ukiwa umeivuta, halafu unatembea kinyumenyume ukizunguka huku unamwaga. Kinyumenyume kwa sababu ukienda mbele utakanyaga mstari wako mwenyewe. Kigingi cha katikati nilikifunga kitambaa chekundu ili nikione nikiwa mbali. Vipimo nilikuwa navihesabu kwa sauti ya chini nisipotee, mdomo unaenda tu. Na nilikuwa ndani ya lile rinda jeusi. Yawekeni hayo yote pamoja: mwanamke mgeni, nguo nyeusi mpaka viatuni, ukungu wa asubuhi bado haujaondoka, anazunguka kitambaa chekundu kinyumenyume, ananung'unika peke yake na kumwaga unga. Mimi hayo yote sikuyaona. Mimi niliona shule.

Na ilipendeza, aki ya Mungu. Mistari imenyooka, milango imekaa mahali pake, mabweni yamejipanga kule nyuma.

Kumbe kina mama wa kanisa la hapo walikuwa na maombi asubuhi hiyo, na baada ya maombi walikuwa wapikie wageni, kwa hivyo wakatuma mmoja wao kwa kioski achukue unga. Akaambiwa umeisha, umenunuliwa wote na mwanamke mwenye nguo nyeusi, amesema ni wa shule. Shule gani, na hapo hakuna shule? Huyo mama akirudi akachungulia juu ya ua akaniona. Nilisikia mtu akisema "Yesu!" kisha viatu vikikimbia. Nikamwambia Mutua labda amechelewa mahali.

Kuku wakaja. Mutua akanionyesha kwa kidole. Walipenya kwa ua jogoo akiwa mbele, wakaingilia chumba cha piano, wakala ukuta wake mmoja wote, wakahamia cha gitaa. Tukawafukuza wakarudi. Kabla hatujatulia, mbuzi wa jirani nao wakaingia, na mbuzi hadonoi, mbuzi analamba, anakwenda na mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho kama ametumwa. Mutua akachukua fimbo. Sasa, mtu akikimbiza mbuzi kwa uwanja wa duara, mbuzi huzunguka. Kwa hivyo ikawa hivi: mimi naenda kinyumenyume nikijaza mistari iliyolambwa, mbuzi wanazunguka upande mwingine, na Mutua nyuma yao na fimbo hewani akipiga kelele kwa Kikamba.

Hivyo ndivyo kina mama walivyotukuta, na pasta wao mbele.

"Shetani ashindwe!" mmoja akapaza sauti.

Pasta alikuwa kijana mpole, ana Biblia kwapani, viatu vimelowa umande. "Dada, habari yako?"

"Nzuri, Pasta."

"Hapa mnafanya nini?"

Sasa mtu mwenye akili angesema tunachora pleni ya shule, basi, yaishe. Mimi nilikuwa nahema, unga umenijaa mpaka kwa nyusi, na nikamjibu vile kichwa kilikuwa kinawaza wakati huo. "Tunatayarisha mahali pa watoto," nikasema. "Wanaletwa sasa hivi, kila kikundi kisimame mahali pake, halafu waanze."

"Waanze nini?"

"Kuimba. Na wengine wacheze wakizunguka pale kwa kitambaa."

Mama mmoja akalia kwa sauti. Pasta akauliza, "Na mbuzi?"

"Mbuzi si wetu."

"Mbona wako ndani?"

Kina mama hawakungoja jibu. Wakashikana mikono wakauzunguka uwanja wangu wa densi, wakaanza kuomba kwa nguvu, wengine wakikemea kwa Kiswahili, wengine kwa Kikuyu, na mimi niko katikati na pakiti ya unga mkononi nikisema jamani, jamani, nisikilizeni, na hakuna aliyenisikiliza.

Na ndipo basi ya Mwalimu ikaingia. Watoto wakashuka na trampeti zao na dramu zao, wamevaa sare za densi, wakasimama kwa mstari wakitutazama. Mwalimu akashuka. Halafu Mama Gathoni akashuka, polepole, na kina mama waliponyamaza wote kwa mpigo ndipo nilipojua kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kunitajia, kwamba Mama Gathoni ndiye mwenyekiti wao.

Mwalimu akakimbia mbele mikono juu. "Ni pleni! Pasta, ni pleni tu, hii ni shule yangu!" Akamwonyesha ukuta, akamwonyesha mlango, na pasta, ambaye si mtu mbaya, akaangalia, akaelewa, akaanza kucheka mpaka akashika magoti. Kina mama nao wakacheka. Aliyekuwa analia akanifuta unga usoni na leso yake, akaniambia pole, umetutisha, msichana. Mambo yangeishia hapo nami ningekuwa na stori ndogo tu ya kuchekesha watu.

Lakini Mama Gathoni hakucheka. Aliinama, akachota kidogo kwa vidole, akaonja.

"Huu ni unga," akasema.

"Ndiyo, mama. Tulisahau chokaa."

"Ni nani alikuambia umwage unga hapa?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa na haraka."

"Haraka." Akageuka akawaangalia wenzake. "Ndio huu mliniambia kwa simu umekosekana? Ndio ulikuwa wa wageni wetu?" Wakaitikia. Akanirudia. "Wewe unajua mama yangu alitulea hapa hapa kwa kitu gani? Kwa uji wa kuazima. Huyu Kariuki akiwa mdogo alikuwa akilamba sufuria mpaka inang'aa. Na wewe umenunua chakula cha watu wote ukakanyaga, kwa shamba la baba yangu, na hata hukuniuliza."

Nikasema tutafagia, mama, saa hii tu.

"Chakula hakifagiliwi. Zoa. Hata kama ni kuku watakula, wale kutoka kwa mkono."

Nikapiga magoti. Mutua alitaka kunisaidia, akaambiwa achunge mbuzi. Mwalimu akashika gunia wazi. Watoto walikuwa wamesimama na vyombo vyao wakiniangalia, na hakuna aliyecheka, ningeona afadhali wangecheka. Nilianzia mwisho kabisa, kule nyuma kwa mabweni.

"Hapa palikuwa nini?" Mama Gathoni akauliza, amesimama juu yangu.

"Bweni la wasichana."

"Mlango unaangalia wapi?"

"Jua linakotoka, mama, asubuhi wapate joto."

"Hm."

Nikazoa nikasonga. Akasonga. Na sikilizeni, alikuwa anapitia milangoni. Hakuruka ukuta hata mmoja, kila mahali aliutafuta mlango kwanza ndipo akaingia. Akauliza hapa ni wapi, nikasema chumba cha dramu. Mbona kiko mbali hivi? Ili wasiwasumbue wenzao. Na hapa katikati? Hapa miti, mama, inameza kelele. Akasema watoto wa siku hizi wamepata bahati. Nikainua macho nikamwona Mwalimu ametabasamu, na moyo wangu ukaanza kupanda, nikazoa kwa bidii zaidi na kuongea kwa sauti zaidi, nikaiuza hiyo shule kwa magoti, chumba kwa chumba, vizuri kuliko nilivyowahi kuiuza nikiwa nimesimama na karatasi. Nikafika kwa kigingi cha katikati.

"Mpaka wangu na Kariuki uko wapi?" akauliza.

"Unapita hapa, mama. Kwa hiki kitambaa."

Akaangalia nyuma yake, mchanga mtupu. Akaangalia mbele, nusu ya duara bado nyeupe.

"Kwa hivyo nusu yangu umeshaizoa yote."

"Ndiyo, mama."

"Basi iache hivyo."

Mwalimu akaita, "Dada!"

"Kariuki, shule ni nzuri. Nimetembea ndani nimeiona. Nusu yako ni yako, jenga. Lakini hawa wako hata hawajaanza na wameshaamua mambo kwa shamba langu bila mimi. Wakishajenga nitaulizwa nini?"

Akaenda na kina mama wake, kupika wali, kwa sababu unga haukuwepo. Mwalimu akafunga lile gunia akawapandisha watoto kwa basi. Hawakupiga hata wimbo mmoja. Hakunigombeza, hata neno, alinishukuru kwa kuja, na ningempa kitu chochote anitukane, kwa sababu niliona alivyofunga ile kamba ya gunia, akaifungua, akaifunga tena. Nililia kwa gari mpaka karibu na Ruiru. Mutua aliendesha na hakubishana.

Shule ilijengwa. Nusu. Nilichora upya, vyumba vimekaa kwa nusu duara, uwanja wa densi ni nusu, na upande wa wazi unaangalia shamba la Mama Gathoni, ambako alipanda mahindi, kwa hivyo wachezaji wote wa pale hufanya mazoezi wakiyatazama mahindi. Mabweni hakuna. Siku ya kufungua, mgeni mmoja kutoka Nairobi, mzee wa kazi kama yangu, alisimama akasifu sana huo ubunifu wa kuacha upande mmoja wazi, akaniomba niwaeleze wazo hilo nililipata wapi. Nikashika maikrofoni, nikasafisha koo, nikasema nilitaka wanafunzi wasisahau ardhi iliyowalea. Watu wakapiga makofi. Mama Gathoni, aliyekuwa kiti cha mbele, alicheka mpaka akavua miwani, halafu akanyoosha mkono apewe hiyo maikrofoni, akawasimulia yote, kuku, mbuzi, kinyumenyume, magoti. Alimaliza na watu wameshika mbavu, na yule mzee wa Nairobi akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuielezea.

Siku hizi sipigi kigingi kwa shamba la mtu kabla sijamuuliza mwenyewe, hata kama ni kigingi cha kufungia kamba ya nguo, na Mutua ananicheka kwa hilo, na anicheke. Na kila mahindi yakivunwa huwa naenda kwa Mama Gathoni. Nakaa, napewa chai, namweleza kuhusu yule msichana wa trampeti ambaye bado anaamka gizani, halafu namuuliza polepole kama kile kipande anaweza kukifikiria tena. Mara ya mwisho alinimiminia kikombe cha pili, akanisogezea sukari.

"Njoki, wewe kuuliza umeshajua," akaniambia. "Sasa nipe muda na mimi nijue kukubali."

Nikanywa chai yangu, nikamshukuru, nikaondoka kupitia mlangoni.